Tamthilia ya Tuzo kwa Kisukuma

Sina ugomvi na sanaa. Ugomvi wangu ni na wanaoisifia. Mwalimu mwenzangu wa fasihi, hapa Geita tunakofundisha, hujaza flashi filamu na tamthilia za nje zilizoshinda tuzo, kisha hunikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ananipa mtoto mchanga. "Hii, mwalimu, usiitazame huku unakula," huniambia. Nami hukaa kwa adabu, nikisubiri kuguswa, na kila mara huinuka nimenuna. Mtu anaangalia dirishani dakika tano. Anamenya kiazi. Mvua inanyesha. Wahakiki wanaandika kuwa ukimya ule umewatoa machozi. Mimi hunitoa miayo, na zamani niliona aibu kukiri, nikidhani kasoro iko kwangu, mtoto wa kijijini Samuye niliyezoea filamu zetu, ambamo mtu akifiwa analia mpaka jirani anakuja kuuliza kulikoni.

Mwaka juzi mama alikuja kukaa kwangu ili atibiwe goti. Jumapili mchana mke wangu alikwenda mazoezi ya kwaya, nasi tukabaki wawili sebuleni. Tulishamaliza habari za ng'ombe, za mvua, na za nani kaoa wapi. Yaliyobaki nilikuwa nayakimbia.

Baba alipofariki, miaka minne kabla, nilikuwa nimeacha chaki nachimba dhahabu karibu na Runzewe. Sikwenda kumzika. Nilimwambia mama kwamba machimboni hakukuwa na mtandao, taarifa ikanifikia wakiwa wameshafukia. Ulikuwa uongo. Ujumbe wa kaka niliusoma siku ileile, nikiwa nimesimama mdomoni mwa duara letu, shimo tulilolichimba miezi mitano na ambalo mwamba wake ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuonyesha dhahabu. Niliogopa kwamba nikiondoka wenzangu watanizunguka. Nikatia simu mfukoni, nikashuka. Tangu hapo, kila nilipokaa peke yangu na mama, niliogopa asije akaniuliza.

Basi Jumapili hiyo nikawasha tamthilia mojawapo ya kwenye flashi, ili runinga iseme badala yetu. Mwanzoni yalitokea majani yaliyozungushwa kama taji, kila taji na tuzo yake.

"Hayo ni majani ya dawa?" mama akauliza.

"Ni ya sifa, mayu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Mbona mengi hivyo?"

Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria kwa Kisukuma. Kazi ilikuwa nyepesi mno. Mwanamume mmoja anapokea barua kwamba baba yake amefariki kijijini, anaisoma, anaitia mfukoni mwa koti. Baada ya hapo, nusu saa nzima, hakuna kitu. Hadi leo naiona mbovu, na nimemwambia hivyo yule mwalimu wa fasihi. Alinihurumia.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Hasemi."

"Na sasa?"

"Bado hasemi."

Nikaona aibu kwa niaba ya tamthilia, nikaanza kuisaidia. Yule mtu aliposimama dirishani, nilisema anamwomba marehemu radhi. Alipomenya kiazi, nilisema anakumbuka baba yake alivyomfundisha kukamua ng'ombe. Mama akaanza kuitikia "Eee" kwa sauti ya msibani, na kusema kweli nilifurahi. Nilijiona mtunzi kuliko hao wenye majani. Nikanogewa. Yule mtu alipokaa kitandani na koti lake, maneno yakanitoka kabla sijayapima: "Anasema angekwenda kuzika, ila taarifa ilichelewa."

Mama hakuitikia.

"Mbona barua anayo mfukoni tangu tulipoanza?"

"Ile ilikuwa barua nyingine."

"Na huyu mtu hajafungua mdomo." Hakugeuka kunitazama, macho yake yalikuwa kwenye runinga. "Muda wote huu naiangalia midomo yake."

Nilitamani umeme ukatike. Hukatika karibu kila Jumapili, lakini siku ile uliwaka tu. Mama alinyoosha goti lake bovu, akalikanda taratibu kwa kiganja.

"Siku kaka yako anakupigia, nilikuwa nimekaa naye mkekani," alisema. "Simu yako iliita, mwanangu. Iliita, ikakatwa. Akapiga tena. Ikaita, ikakatwa. Ndipo akakuandikia."

Alijua miaka yote ile. Nilipokwenda nyumbani baada ya mazishi, wajomba walinikalia kikao wakitaka kunitoza faini, na mama ndiye aliyewazuia. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia kwamba machimboni hakuna mtandao, mtoto asionewe. Nami nilikuwa nimekaa pale nikishukuru moyoni kwamba ameniamini.

Nilijisikia vibaya kuliko siku ile ya kikao. Kwenye runinga yule mtu alikuwa bado kitandani, mkono juu ya mfuko wa koti.

"Anasemaje sasa?" mama aliuliza.

"Hasemi kitu, mayu."

"Najua. Basi sema wewe."