Muto Ulioshindiliwa

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile Koko alipofunga nguo zake ndani ya kitenge, akakaa juu ya kile kifurushi katikati ya uwanja wetu wa Bulengera, hapa Butembo, akatangaza kwamba anarudi kwake Mutwanga. Mutwanga! Wakati ule hata mbwa wa Mutwanga walikuwa wanahamia Butembo. Wenye bunduki walikuwa wameingia kule, wakatoka, wakaingia wengine, na watu walikuwa wanapanda kwetu na magodoro kichwani. Yeye peke yake ndiye alitaka kushuka.

Najua unajiuliza huyu anayekuita mwanangu ni nani, na bado anavaa uniforme ya shule. Vumilia. Ni kweli niko darasa la quatrième, na mwalimu wa hesabu ana mengine ya kukusimulia juu yangu. Mais katika nchi yetu, mtu akikutangulia miaka minne amekutangulia vita nzima. Donc mimi ni mzee wako. Kaa chini, toa mkono puani, usikilize.

Koko ni bibi yangu, mama wa mama. Alifika kwetu na sufuria moja, kitabu cha nyimbo za kanisa, na miguu iliyovimba. Tulimpokea kwa machozi na kwa bugali, kama inavyofaa. Shida haikuwa chakula. Shida ilikuwa Papa.

Siyo kwamba Papa ni mbaya, hapana. Papa anauza vipuri vya baiskeli sokoni, na mtu akilia mbele yake anampa mnyororo wa bure. Lakini kwetu, mwanaume na mama mukwe wake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawazungumzi mdomo kwa mdomo. Sasa vita inamleta mama mukwe mpaka mlangoni, na nyumba ina vyumba viwili na sebule. Utafanya nini? Papa akitaka kupita uwanjani, alikuwa anakohoa tangu chumbani. Koko akisikia kile kikohozi, anakimbilia jikoni na kujifunika kitenge. Walikohoa na kukimbia namna hiyo mpaka jirani mmoja, kwa huruma, akamletea Papa majani ya kutibu kifua. Na Papa akayanywa! Angeeleza nini?

Kwa sababu hakuweza kumwambia mama mukwe wake "karibu" kwa kinywa chake, Papa alitaka muto wa kulalia umwambie. Kule Mutwanga watu wanalima mpunga, na mito yao wanaijaza maganda ya mpunga. Mama alikuwa amemwambia kwamba Koko hajui kulalia kitu kingine. Sponji, anasema, inamchoma masikio. Basi Papa akafunga duka mchana, akaenda kwenye mashini ya kukoboa mpunga, akachagua maganda yeye mwenyewe. Alichagua vizuri, lazima nimsifu: maganda mazima, makavu, ya rangi ya majani makavu ya mahindi, siyo yale yaliyosagika kuwa unga. Akayapepeta. Akayaanika. Na unajua jua la Butembo lilivyo bahili. Alikuwa anavuta lile turubai kutoka upande huu wa uwanja mpaka upande ule, analifuata jua kama anayelidai.

Halafu akajaza muto. Hapo ndipo upendo ulipozidi akili.

Wewe unajua sahani ya mgeni kwetu. Ukimpa sahani ambayo chini yake inaonekana, umemtukana yeye na ukoo wake. Papa akafikiri muto ni sahani. Akatia maganda, akashindilia kwa mwiko wa bugali, akatia tena, akashindilia tena, mpaka kitambaa kikaanza kulia kwenye mishono. Mama akaushona kwa sindano ya magunia. Muto ukasimama wima wenyewe, hauegemei kitu, kama mtu anayesubiri kuimba wimbo wa taifa. Sisi wote tulipiga makofi. Mimi pia, sijifichi.

Asubuhi Mama akamuuliza Koko, "Mama, ulilala?"

"Nililala sana, mutoto wangu. Hii muto ni ya bachef, ya bakubwa."

Lakini niliona kitu. Koko alipotaka kunitazama, hakugeuza kichwa. Aligeuza miguu kwanza, halafu kiuno, halafu kifua, na kichwa kikaja mwisho, kama lori la mizigo linalokata kona. Siku zilizofuata macho yake yakaingia ndani. Mama akamwambia Papa kwa sauti ya chini, "Mama yangu halali." Na Papa, maskini, alifanya nini? Alifikiri muto umeshuka. Akafungua pembe moja Koko akiwa kanisani, akaongeza maganda!

Mchana mmoja nikitoka shule, nikamkuta Koko nyuma ya jiko. Alikuwa amelala juu ya gunia la maharage lililokuwa limebaki nusu, mdomo wazi, anakoroma kwa raha kama mtu asiye na vita wala wajukuu. Sasa, mimi na Koko tunataniana. Ananiita muke mwenzake, kwamba tumeolewa na Babu mmoja, ingawa Babu alikufa kabla hajaniona akanichagua. Nikainama sikioni kwake.

"Muke mwenzangu! Kumbe unalalaka na maharage, na muto ya Papa inabaki peke yake mu kitanda?"

Akashtuka. "Funga kinywa, weye muke mubaya! Batasikia."

"Basikie nini?"

"Kama nililala huku kwa maharage."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa, akashika shingo yake kwa mikono miwili.

"Ile muto ya baba yako ni mulima," akasema. "Usiku muzima minapanda, asubuhi ningali chini."

"Basi uambie Mama."

"Mama yako ataambia bwana yake. Na bwana yake atasema, mama mukwe amekuja kuleta maneno mu nyumba yangu. Hapana. Mutu amekupokea na vita, amekupa muto na mikono mbili, halafu unamurudishia kasoro? Afazali nirudie kwangu."

"Koko, kule kuko basoda na bunduki zabo."

"Basoda bako. Mais muto yangu pia iko."

Hapo, mwanangu, utani wangu wote ulinikauka. Nilielewa kwamba huyu mama hatanii. Angeshuka kwenye risasi kwa sababu ya adabu.

Alinishika mkono, akanisukumia ngumi yangu ndani ya lile gunia la nusu. "Unasikia? Maharage inakimbia, inakuachia kiti, halafu inakurudilia pembeni, inakushika. Na maganda ni vile. Lazima itembee. Kama ngumi inaruka, ile hapana muto, ni jiwe yenye kuvaa nguo." Akanionyesha na namna ya kulala. Unaweka kichwa, unakitikisa kidogo kulia, kidogo kushoto, kinajichimbia mahali pake. Kisha kwa mkono unavuta maganda yaje chini ya shingo. Shingo ndiyo inabebwa. Kichwa kinakaa tu. Ukisikia sauti ya maganda, shrr, shrr, usiogope, baada ya muda mfupi ni kama mvua inayonyesha kwa jirani.

Halafu akaniapisha: nisimwambie Mama, nisimwambie Papa. Nikaapa. Na mimi nikiapa, naapa.

Turudi sasa kwenye ile siku ya kifurushi. Pickup ya kwenda Beni ilikuwa barabarani inapiga honi, na kutoka Beni Koko angetafuta moto, pikipiki ya kukodi, ya kumfikisha kwake. Mama analia, ameshika ncha moja ya kitenge. Koko ameshika ncha nyingine. Papa amefungiwa chumbani na heshima, maana mama mukwe yuko uwanjani na yeye hawezi kutoka. Kikohozi tu ndicho kilikuwa kinatoka dirishani. Mwishoni sauti yake ikaja, ikimwita Mama kwa jina langu mimi:

"Mama Masika, uulize mama, tumefanya kosa gani?"

"Umuambie hakuna kosa," Koko akamwambia Mama. "Mupunga yangu imeivia, ndege inaikula."

Ndege! Niliapa nisimwambie Mama wala Papa, lakini muto hatukuutaja. Mimi nikaingia ndani. Nikachukua ule muto, nikauweka juu ya kiti mbele ya watu wote. Ukasimama wima, kama kawaida yake. Nikaupigia saluti.

"Mon commandant! Habari ya barrière?"

Kisha nikajibu kwa sauti nene, ile ya wanajeshi wa kizuizi cha barabarani unaowajua: "Papier na yo, karatasi yako, wapi?"

"Mimi ni shingo ya Koko, mon commandant. Naomba kupita, nikalale kidogo."

"Njia imefungwa! Nimeshiba, siwezi kusogea."

"Nani alikushibisha hivyo, mon commandant?"

"Wenye nyumba. Kwa upendo tu. Kila siku shingo inalia, na kila siku wananiongezea chakula."

"Masika!" Mama akavua kandambili. "Uko na kichaa? Batu banalia, weye unacheza teatre?"

Lakini kikohozi cha dirishani kilikuwa kimenyamaza. Koko alikuwa amejifunika uso wote kwa kitenge, na mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nilijua, kama Papa ataona nimemwaibisha, mimi ndiye nitapanda ile pickup.

"Mama Masika," sauti ikasema polepole. "Uulize huyu mupumbafu. Hiyo muto imeshiba sana?"

Mama akaniuliza mimi. Mimi nikamuuliza Koko. Koko akasema, huku anatazama chini:

"Uambie mama yako aambie bwana yake: muto ni muzuri. Maganda alichagua inapita hata ile yangu. Ila ameweka maganda ya mito mbili mu muto moja."

Dirisha lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na Papa alisikia kila neno. Lakini alingoja. Mimi nikamwambia Mama, Mama akageukia dirisha, akarudia yote kutoka mwanzo, na ndipo Papa akaruhusiwa kuwa amesikia. Adabu ni adabu.

Kisha mkono ukatokea, ukaweka wembe kwenye kizingiti cha dirisha.

"Umuambie," akasema Papa, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "niliogopa asifikiri ninamupimia."

Koko alifumua pembe mwenyewe. Akachota maganda, akayamwaga kwenye lungo, akachota, akasukuma ngumi, akachota tena. Ngumi ilipozama na kukaa, akasema "Aah," kama mtu aliyefika kisimani. Akatandika mkeka kando ya ukuta, kuonja tu, alisema, pickup isimwache. Akaweka kichwa. Kulia kidogo, kushoto kidogo. Shrr.

Shofere alipoingia na hasira kuuliza huyu mama anaenda ao haendi, Mama alikuwa ameshaweka kidole mdomoni.

"Haendi. Amelala."

Na Papa, ambaye hangeweza kupita mbele ya mama mukwe aliyelala, akaenda sokoni kupitia dirisha la nyuma. Nilimwona suruali imenaswa kwenye msumari. Sikucheka. Sawa, nilicheka, mais kwa heshima.

Siku zilizofuata, watu wa mtaa wa Koko waliingia Butembo kwa miguu. Walikaa uwanjani kwetu, Koko akawauliza habari ya huyu na ya yule, na kuna majina ambayo hakuna aliyejibu. Maganda yaliyobaki kwenye lungo akayashonea muto mwingine, akampa mwanamke mmoja aliyefika bila kitu. Akamwambia, "Ikiwa nguvu sana, kama jiwe, useme. Hapa kwetu banasemaka." Nilimtazama. Akanigeuzia kichwa chake chote, bila miguu, akanikonyeza.

Basi, mwanangu, nakuachia haya. Ukienda kuchagua maganda, yashike mkononi na uyakaze. Yakibaki mazima, beba. Yakiacha unga kwenye kiganja, yaachie kuku. Yaanike mpaka yapige kelele. Muto usiujaze. Uachie nafasi, na pembe moja uishone kwa uzi mwepesi, ili mwenye shingo apunguze au aongeze mwenyewe, bila kumwomba mtu msamaha.

Mgeni aliyekimbia vita usimuulize "ulilala?" mbele ya watu wote. Atajibu ndiyo hata kama alikesha. Mtazame anavyogeuka. Mtazame anasinzia wapi mchana. Pale ndipo anakuambia ukweli. Na kile unachompa, usikipime kwa upendo wako, maana upendo wako ni mkubwa na shingo yake ni ndogo.

Na kama wewe, kama mimi, ulizaliwa na mdomo usiofungwa, na kila mtu nyumbani anakuambia unyamaze, usinyamaze kila mara. Kuna maneno ambayo wakubwa wamefungwa wasiyaseme, siyo kwa ubaya, kwa heshima. Yabebe wewe. Lakini angalia unamcheka nani: cheka muto, usimcheke aliyeushona, wala anayeulalia.

Mungu akupe mahali pa kulala ambapo hakuna anayelala na viatu, tayari kukimbia. Akupe mtu wa kukutandikia, na kinywa cha kumwambia ukweli, na yeye ampe masikio. Na asubuhi mkiamka, mhesabiane, msipungue hata mmoja.