Alama Ishirini za Mama Raheli

Asubuhi ile nilipika uji wa uwele. Mke wangu Dorika akaonja, akaweka kikombe chini.

"Sita kwa kumi, Baba Raheli."

"Jana ulinipa saba."

"Jana haukuwa na mchanga."

Akamaliza, akaomba kikombe cha pili. Kisha akatoka kuchuma mlenda nyuma ya nyumba. Mchana akaanguka. Siku ya tatu tukamzika hapa Mgori. Sasa ni mwezi wa saba tangu hapo. Uji napika bado. Hauna alama.

Wanafunzi wake wameniomba niandike habari zake. Mimi sikwenda shule. Herufi alinifundisha yeye nikiwa tayari na mvi, na mtihani akanipa. Nilipata nne. Kwa hiyo nitaandika machache.

Alikuwa mtunza vitabu katika chuo kidogo cha ualimu cha misheni, huku huku kwetu. Chumba kimoja, makabati mawili. Makabati niliyatengeneza mimi, seremala wa misheni. Wanafunzi walimwita Mama Kabati. Hakulipenda jina hilo, ila aliitika.

Mwaka wa hamsini na mbili akaanza kufundisha. Kila Ijumaa, masomo yakiisha, aliwaonyesha namna ya kutafuta kitabu, kujua nani kakiandika, na kukilinganisha na kingine. Ijumaa ya kwanza walikuja wote ishirini na wanane. Ya pili, kumi. Mwisho akabaki mmoja, Paskali, naye mara ya kwanza aliingia kujikinga mvua.

Dorika akarudi nyumbani amenuna. "Somo lisilo na alama ni ng'ombe asiye na zizi. Wote wanamwona, hakuna wa kumchunga. Nataka langu liingie kwenye cheti."

Akaenda kwa Mkuu wa Chuo, Mwingereza mpole. Mkuu akamwambia kwamba somo la cheti lazima liwe na saa kwenye ratiba, liwe na mtihani, na lisimamiwe na mwalimu mwenye cheti. Ratiba imejaa. Cheti Dorika hana. Tena kikao cha walimu wote kikubali.

Nikamwambia, "Basi, amekataa."

"Hajakataa. Amenipa orodha."

Mwezi ule Mwalimu Zefania wa historia akasahihisha insha. Wanafunzi ishirini na saba waliandika kwamba mfalme alipanda farasi wake, akajifungua mapacha. Zefania akaja mbio kwenye makabati. Wote walikuwa wamenakili kitabu kimoja, na katikati ya ukurasa mchwa walikuwa wamemla malkia. Wanafunzi wakaruka tundu, wakaendelea. Mchwa waliingia kwa nyuma ya kabati. Mbao zile sikuzipaka dawa. Hilo ni langu.

Wa ishirini na nane, Paskali, alikuwa amefungua kitabu cha pili.

Dorika akamwambia Zefania, "Una saa nne kwa wiki, Mwalimu. Nipe moja. Sahihi iwe yako, kazi iwe yangu. Katika alama zako mia, ishirini ziwe za kutafuta vitabu na kuvilinganisha."

"Ishirini nyingi, Mama Raheli. Chukua kumi."

"Mfalme amejifungua, Mwalimu."

"Haya, ishirini."

Ikabaki kikao. Siku hiyo nilikwenda kutengeneza mlango wa chumba cha walimu. Mlango haukuwa na ugonjwa wowote.

Melkizedeki, mwalimu wa kilimo, akasimama. "Alama za ualimu kwa kufungua kabati! Kesho mpishi naye ataomba alama za kufunua sufuria."

Walicheka. Mimi nikaacha kupiga nyundo.

Dorika akamwuliza, "Kuku wako hawajambo, Mwalimu?"

Chuo kizima kilijua kuku wake wanakufa kwa kideri.

"Amebaki mmoja," akasema Melkizedeki. "Kuku wanaingiaje hapa?"

"Chuo kina kitabu cha ufugaji wa kuku. Nenda ukakitafute. Ukikipata, somo langu nalikunja, sitalitaja tena."

Nilitaka kumvuta gauni. Nilikuwa mbali.

Melkizedeki akaenda. Chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa. Akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Hakuna kitabu kama hicho! Mama huyu amekibuni."

Dorika akamwita Paskali. Paskali hakugusa kabati. Alikuja na daftari la kuazima, akalifungua mezani, akapitisha kidole, kidole kikasimama.

"Sema," akasema Mkuu.

Paskali akamgeukia Melkizedeki. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema!"

"Kiko kwako, Mwalimu. Tangu mwaka juzi."

Paskali akatumwa nyumbani kwa Melkizedeki akakilete. Akarudi mikono mitupu, kidole kinatoka damu. "Kipo. Kuku aliyebaki ametaga juu yake, anaatamia. Kwako wanasema ni wiki mbili sasa. Nimeshindwa kumtoa. Anadonoa."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Zefania akanyoosha mkono, na wengine wakafuata. Wa Melkizedeki ulikuwa wa mwisho, lakini ulipanda. Somo likapata saa yake, mtihani wake na alama zake ishirini.

"Mwalimu Dorika," Mkuu akasema, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo kabla, "una neno?"

Alisimama. Alikuwa mfupi, ila siku ile sikuliona hilo. Melkizedeki alikuwa mlangoni nilipokuwa na nyundo yangu, ananiomba kipande cha ubao akamfukuze kuku. Dorika akamtazama, akasema:

"Mwache aangue kwanza. Katika chuo hiki ni yeye peke yake aliyekaa na kitabu wiki mbili bila kusukumwa."