Niliweka "98" kwenye gari ya kawaida ili ipande kilima na mke mjamzito ndani. Kidogo niwazike wote

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika kutoka Kolwezi, Katanga. Kiswahili changu mtakivumilia. Haya ninayowaambia yamenitokea mimi mwenyewe, na pale nilipofanya upumbavu nitasema ni upumbavu. Sitajipaka mafuta.

Nimeona humu watu wanabishana kama petrol ya octane kubwa inaipa nguvu gari ambayo haijaguswa injini. Mi nilikuwa upande wa wanaosema NDIYO. Tena kwa kelele.

Kwanza mjue akili yangu ilitoka wapi. Kabla ya kununua gari nilifanya kazi Mutoshi, kwenye depot ya kununua mawe ya shaba na cobalt. Kazi yangu ilikuwa kushika kile kimashine cha kupima teneur, yaani jiwe lina madini kiasi gani. Namba ikipanda, mchimbaji anacheka. Ikishuka, anatukana mpaka mama yako. Miaka minne nimeishi hivyo: namba kubwa, mali nzuri. Basi.

Kwa hiyo nilipoona namba za petrol, 91 na 98, nilisoma kama teneur. Nikasema 98 ni mafuta tajiri, 91 ni ya masikini. Wala sikuuliza mtu.

Sasa kisa chenyewe.

Mke wangu Clarisse alikuwa na mimba ya miezi minane na zaidi. Alikuwa Fungurume kwa mama yake, kama tunavyofanya huku mimba ikikomaa. Mtoto wetu wa kwanza, Junior, alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari wa Kolwezi alinikalisha chini akanieleza: huyu wa pili naye ni operesheni, tarehe hii, saa nne asubuhi, na uchungu usianze kabla. Ukianza, kovu la zamani linaweza kupasuka ndani.

Wakuu, neno "kupasuka" lilinikaa tumboni wiki mbili nzima. Nikila nalisikia.

Gari yangu ni ndogo, ya Kijapani, usukani kulia, injini ya kawaida kabisa. Na mi niliogopa kitu kimoja: ule mpando mrefu baada ya daraja la Lualaba. Malori ya shaba na ya asidi yanakuja nyuma, huna pa kukimbilia. Nikawaza, gari ikichoka pale na Clarisse ndani?

Asubuhi ya operesheni nilikuwa Fungurume kumchukua. Kulikuwa na station, ina essence, yaani petrol, ya kawaida, hata foleni hakuna. Nikaipita.

Nikaenda kwa jamaa mmoja anayeuza mafuta ya bidon, madumu, pembeni ya soko. Anasema ana "quatre-vingt-dix-huit", yaani 98, imetoka ndani ya mgodi, ya magari ya machef, mabosi. Rangi yake nzuri, nyekundu kidogo. Nikasema leo kilima kitanijua. Akanimiminia lita ishirini.

Mama mkwe alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma. Hapa niwaeleze wa mbali. Wao ni watu wa asili ya Kasai, na kwao mkwe ni heshima nzito. Mi simwangalii usoni, sili mbele yake, na yeye hasemi na mimi moja kwa moja. Miaka sita ya ndoa alikuwa hajawahi kutaja jina langu. Akitaka kitu anapitishia kwa Clarisse.

Akanusa. Akasema, "Clarisse, ambia bwana yako, hii mafuta iko na harufu ya pétrole ya taa." Yaani mafuta ya taa, siyo ya gari.

Sasa huyu mama, mume wake alipokufa, aliuza mafuta ya gari kwa chupa kule Musonoi mpaka watoto wakamaliza shule. Pua yake ni maabara. Na mi nilijua hilo.

Nikajibu nini? "Clarisse, ambia mama atulie, hii ni 98. Yeye alizoea ya chupa."

Yaani mpaka leo nikikumbuka nasikia haya.

Tukatoka. Mwanzoni gari ilikwenda vizuri, kumbe ilikuwa bado inakunywa masalio ya zamani. Nikaanza kupiga mluzi. Nikamwambia Clarisse, unaona? Inaruka! Kichwa tu kilikuwa kinanidanganya.

Karibu na daraja, nikasikia sauti.

Ka-ka-ka-ka-ka. Kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Nikikanyaga inaongezeka, nikiachia inapungua. Tukavuka Lualaba, mpando ukaanza, na gari ikaanza kufa miguuni mwangu. Moshi nyuma. Mshale wa joto unapanda. Kwenye kioo naona uso wa lori, zile za tanki la asidi, limejaa kioo chote, linapiga honi.

Na hapo ndipo Clarisse akashika mkono wangu. "Tata Junior, inanibana."

Nikamuuliza, inakubana vipi?

"Inanibana, nakuambia."

Wakuu, sijawahi kuogopa vile. Nimeingia mashimoni Mutoshi, nimeona udongo ukishuka, lakini siyo vile. Nikafanya kitu kimoja tu mguu wangu ulichojua: nikakanyaga mpaka chini, niko vitesse, yaani gia, ya nne. Injini ikapiga kelele kama inavunjika vipande.

Nyuma nikasikia, "Clarisse, ambia bwana yako aache kukanyaga!"

Clarisse hawezi kusema. Amefumba macho, anapumua kwa meno.

Mama akajaribu tena, safari hii akaongea na kiti changu. Kweli kabisa, na KITI. "Weye kiti, ambia mwenye kukukalia apunguze!" Siku nyingine ningecheka.

Mi bado nimekanyaga. Sisikii. Ninaona lori tu.

Ndipo mkono ukanipiga begani, paa!

"PATRICK! Toa muguu! Weka ya pili! Pole pole! Unaua mutoto wangu!"

Jina langu. Kutoka kinywani mwake.

Nikatoa mguu. Nikaweka ya pili, nikagusa tu kidogo, nikawasha taa za hatari. Ile ka-ka-ka ikashuka, ikawa moja moja. Tukapanda kama kobe. Lori likatupita kwa matusi, upepo wake ukaitikisa gari yote. Mama hakunyamaza. "Pole pole, Patrick. Ndivyo, njo vile. Usikanyage. Njo vile." Mpaka juu kabisa. Mi nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Station ya kwanza tuliyokuta, nikajaza essence ya kawaida kuichanganya na ule uchafu. Kelele ikapungua nusu. Tukaingia hospitali saa tano kasoro.

Walimpasua papo hapo. Daktari alitoka akaniambia kovu lilikuwa limebaki jembamba, anaona mpaka maji ya mtoto upande wa pili. Kilima kingine kimoja, akasema, lingeachia.

Mtoto ni wa kike. Mzima. Mama yake mzima. Namshukuru Mungu, na siyo kwa mazoea.

Gari ikaenda kwa fundi, mzee Floribert. Joint ya culasse, yaani gasket ya kichwa cha injini, imeungua, bougies, plagi, zimeungua. Akanusa tangi, akacheka kwa huzuni. Pétrole ya taa imechanganywa na rangi.

Nikamwambia, kumbe ningepata 98 ya kweli ningekuwa salama. Akasema, "Salama, ndiyo. Nguvu, hapana." Akanieleza hivi: octane siyo utajiri wa mafuta. Ni uvumilivu. Mafuta yanavumilia kubanwa kiasi gani ndani ya injini kabla ya kulipuka yenyewe, bila kungoja cheche. Injini inayobana sana, au yenye turbo, inahitaji mafuta yenye uvumilivu. Yangu inabana kidogo, kitabu chake kinasema ya kawaida. Ningeipa 98 halisi ingepanda kilima kile kile kwa nguvu ile ile. Na pétrole ya taa haina uvumilivu hata kidogo, ndiyo ile misumari kwenye kopo.

Kwa hiyo kama gari yako haijaguswa, tafuta kitabu chake kinataka namba gani, weka hiyo, nunua station inayoeleweka. Ukisikia kugonga, toa mguu, shusha vitesse. Usishindane nayo.

Lakini wakuu, siyo hilo lililonileta.

Jumamosi Clarisse anataka kurudi Fungurume kwa mapumziko, na mtoto. Gari imepona, tangi limeoshwa. Tatizo ni mimi. Nikifikiria ule mteremko wa kwenda darajani nazima injini, jana nimeshindwa kutoka hata getini. Nikawakatia tiketi za basi.

Mama mkwe amezirudisha. Kaziweka juu ya meza, akanitazama usoni, akasema, "Patrick, mi sipande basi. Utatupeleka weye. Ukiogopa, uniambie, nitakaa mbele."

Waliowahi kuogopa barabara hivi, mlianzaje tena? Nisaidieni kabla ya Jumamosi.