Malaria ya Saa Kumi na Nusu

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipewa cheo cha mpiga kengele. Nimepata shahada mbili tangu hapo, lakini sijawahi kuogopwa tena kiasi kile. Ilikuwa miaka ya tisini, katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kakamega. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, nami nilikigonga kwa nondo saa kumi na nusu alfajiri ili tukasome kabla ya uji. Awali tuliamka saa kumi na moja. Kisha mwalimu mkuu akasikia kwamba shule jirani huamka saa kumi na moja kasorobo, akaona aibu kwa niaba yetu.

Cheo kilikuja na saa ya mkononi ya shule, pamoja na ruhusa ya kuoga kabla maji hayajaisha.

Katika kitanda cha chini yangu alilala rafiki yangu, binti wa mkulima wa mahindi kutoka Likuyani. Kidato cha kwanza ndiye aliyetuchekesha. Sasa alikuwa akigeuka kitandani mpaka saa saba usiku, usingizi umemkataa, na ulipomkubali ndipo nilipoamka kwenda kugonga reli. Darasani alisinzia, na walimu wakamwita mvivu. Muhula ulipofika katikati aliacha uji, akaacha kusuka nywele, akaacha kucheka. Jioni moja aliniambia hajui anaamkia nini.

“Unaamkia hesabu,” nikamjibu. Nilijiona mcheshi.

Metroni alimgusa paji la uso na kusema, “Malaria.” Kwake kila kitu kilikuwa malaria, hata kuvunjika kidole. Akamlaza katika chumba cha wagonjwa, upande wa pili wa jikoni, ambako kengele yangu haikusikika vizuri. Akamdunga klorokwini iliyomfanya ajikune mwili mzima. Alilala mpaka jua lilipopanda, siku nne mfululizo. Siku ya tano alirudi bwenini akinicheka jinsi ninavyotembea na ile saa.

“Umeona?” metroni akasema. “Ni dawa.”

Wiki mbili baadaye alikuwa amezama tena. “Ya huyu inarudianga,” metroni akasema, akachemsha sindano. Siku nne za usingizi, akapona. Wiki mbili za kengele, akaugua. Mara ya tatu alipotoka chumba cha wagonjwa, mwalimu mkuu alisema wazi kwamba akiugua tena, baba yake aje amchukue.

Jioni hiyo aliniita tukiwa tunaanua nguo.

“Wewe, mama kengele. Ukichelewa nusu saa tu, nani atajua?”

“Mwalimu mkuu.”

“Naye si amelala?”

“Nitavuliwa saa.”

Alinitazama, akatazama mkono wangu, akaendelea kukunja nguo. Hakuniomba tena.

Nina binti wa miaka kumi na sita sasa, na kwa sababu yake nimesoma kwamba saa ya mwili wa kijana husogea mbele: usingizi huja kwa kuchelewa na hutaka kuondoka kwa kuchelewa. Ukimkatiza kila alfajiri, moyo nao huweza kuanza kuzama; na moyo uliozama humfukuzia mtu usingizi. Sisemi reli yangu ndiyo iliyomfanya rafiki yangu augue. Huenda kulikuwa na mengine ambayo sikuuliza. Lakini niliiona mizunguko ile mitatu, kupona na kuugua, na kalenda nilikuwa nayo ukutani.

Wiki mbili baadaye aliugua tena, na baba yake akafika akiwa na kofia mkononi. Metroni akamweleza kuhusu malaria sugu. Nilisimama mlangoni nikiwa nimebeba sanduku la rafiki yangu, na nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Nilisema, “Safari njema, baba.”

Muhula uliofuata barua ilifika. Alikuwa amejiunga na shule ya kutwa karibu na kwao, masomo yakianza saa mbili. “Naamka jua likiwa limetoka,” aliandika. “Nakula, hata nimenenepa. Nyanya anasema ni kwa sababu huku hakuna mbu.”

Nilimjibu kwamba namwombea asiumwe na mbu. Nikatazama saa ya shule, nikaenda kugonga kengele ya kulala.