Fagio Nyuma ya Nyayo Zangu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, surua iliingia katika nyumba tuliyopanga Kariakoo ikawalaza wawili: mimi, na Mwajuma wa chumba cha mbele. Mwajuma alikufa. Mimi nilipona, na hilo mama yake, Bi Zuhura, hakutusamehe.

Nilibaki mifupa mitupu. Nikisimama, magoti yalitetemeka. Muuguzi wa zahanati alimwambia mama anipe uji wa karanga, mchicha, papai, na yai likipatikana. Na kila siku anitembeze kidogo, bila kunikimbiza. Miguu isipopata nguvu, alisema, shule niisahau mwaka huo. Mama akaamua nianzie uani, kwenye mchanga: kutoka mlango wa jiko hadi bafuni na kurudi, mara mbili.

Mchanga ndio uliomtia hofu. Mtaani kila mtu alijua kwamba mwenye kinyongo akichota mchanga wa unyayo wako, miguu yako imekwisha. Basi mama alinifuata na fagio la chelewa akifuta kila alama niliyoacha. Nilijikongoja kama kizee, na nyuma yangu nikisikia shwaa, shwaa.

Bi Zuhura alikaa mlangoni pa jiko akichambua mchele na kututazama.

"Mnenepeshe, Mama Tatu," alisema siku moja. "Tatu wako kabeba nyota ya mwanangu. Mtu hapati nguvu hivi hivi."

Mama alimjibu kwamba Tatu anakula karanga, siyo nyota. Kesho yake balozi wa nyumba kumi akabisha hodi. Kaambiwa tumeficha sukari, enzi hizo ya mgao. Alikuta robo kilo, ile ile ya foleni ya duka la ushirika, akaondoka ameinamisha kichwa. Tangu hapo mama na Bi Zuhura hawakusalimiana tena. Hata kamba ya kuanikia nguo waligawana.

Wiki zikapita, mara mbili zikawa kumi. Nikafika kona ya mtaa, kisha kwa wauza nazi sokoni, nikarudi bila kukaa chini njiani.

Adhuhuri moja mama alikuwa foleni. Nilitembea uani peke yangu, nikajiona shujaa, nikaingia ndani kunywa maji. Fagio nililikumbuka nikiwa na kikombe mdomoni. Nilipotoka, Bi Zuhura alikuwa amechuchumaa juu ya unyayo wangu.

Nilimtazama mikono. Lakini hakuwa na kopo wala kitambaa cha kuchotea. Alishika kandambili moja ndogo, ya Mwajuma, akaiweka juu ya alama ya mguu wangu. Ilienea sawasawa.

Aliniona, wala hakushtuka.

"Bora ungekwenda wewe," alisema, kama mtu anayeagiza chumvi. Kisha akaifuta ile alama kwa kiganja, akaingia chumbani kwake.

Sikumwambia mama. Mwezi uliofuata nilirudi shule kwa miguu yangu.

Nimefundisha watoto miaka mingi. Anayetoka kuugua namwacha atembee taratibu, na naulizia anakula nini nyumbani, kwa sababu najua ni nini kilichoninyanyua mimi. Maneno ya Bi Zuhura sijayasahau, na sidhani kama nimemsamehe. Ila siku hizi, nikisikia fagio likipita kwenye mchanga, namkumbuka na ungo wake wa mchele, akitazama miguu ya mtoto wa miaka minane ikichorwa na kufutwa, ikichorwa na kufutwa, mbele ya macho yake.