Kikapu cha Barua Zilizokwisha Kazi

Siku yangu ya kwanza kazini, Njombe, ukungu ulikuwa mzito hata nikalipita jengo la ofisi na kulazimika kurudi. Nilikuwa nimeajiriwa karani wa masijala, yaani kile chumba ambamo kila barua ya serikali hupokelewa, hupewa namba na kufungwa ndani ya jalada lake. Msimamizi wa Masijala, mzee wa Kibena asiyevua koti hata jua likiwaka, alinisalimia "Kamwene," kisha akanionyesha vikapu vitatu vya mianzi. Viwili vilikaa mezani, kimoja cha barua zinazoingia na kingine cha zinazotoka. Cha tatu kilikaa sakafuni, karibu na mguu wa meza.

"Humo zinakaa barua zilizokwisha kazi," aliniambia. "Zinasubiri kurudishwa kwenye majalada. Wewe utaweka. Kumwaga ni kwangu, tena kwa saini. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mzee."

"Karani akikimwaga kikapu hiki, kuna mtu atakosa haki yake na hatajua kwa nini."

Nilicheka moyoni. Nilimwona anakuza mambo, karatasi ni karatasi. Lakini kwa miaka kumi na minne nilitia barua kikapuni na sikukimwaga hata mara moja.

Kisha yakaja mageuzi. Mashirika yakauzwa, ofisi zikapunguza watu, na asubuhi moja nikalikuta jina langu kwenye orodha ubaoni. Nikateremka Makambako, nikapata kazi ya ukatibu kwenye kampuni ya malori yaendayo Zambia. Mkurugenzi wetu alikuwa mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa hasira. Alikuwa amenunua kompyuta kabla hajapata mtu wa kuiwasha, na mtu huyo nikawa mimi.

Barua pepe wakati huo zilipitia waya wa simu, na mashine ililia kwanza kwa muda ndipo ikaunganika. Nilifundishwa asubuhi moja tu: kuandika, kutuma, kusoma. Kutunza sikufundishwa na wala sikuuliza, maana kutunza ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote. Chini kabisa ya kioo palikuwa na kijipicha cha kikapu. Nilikitambua mara moja. Kila ujumbe uliokwisha kazi, uliotumwa au uliopokelewa, nikautia humo. Kila nilipofunga programu, mashine iliniuliza kwa Kiingereza kama kikapu kimwagwe. Nilibofya hapana, kwa sababu sikuwa na ruhusa hiyo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Programu ikaanza kugandaganda, na Mkurugenzi akamwita fundi kutoka Dar es Salaam, mtu wa makamo mwenye miwani, aweke programu mpya. Akahamisha ujumbe wetu kutoka ya zamani kwenda mpya, akaniambia tayari, akatoka kwenda kula.

Wiki hiyohiyo dereva wetu Ayubu, mtu wa Mawengi, alikuwa anangojea kikao cha nidhamu. Lori lake la viazi lilikaa mpakani siku sita, viazi vikaoza, na Mkurugenzi akasema Ayubu alijilalia tu huko. Ayubu akasema ofisi ndiyo iliyomwambia asubiri. Ilikuwa kweli. Agizo hilo nililiandika mimi, kwa barua pepe kwenda kwa wakala wetu wa mpakani, Mkurugenzi akinitajia neno kwa neno, na sasa alikuwa anakana. Kikao kingemwona Ayubu ana hatia, angefukuzwa, na hakuna mwenye lori Makambako ambaye angempa usukani mtu aliyeozesha mzigo.

Fundi akiwa bado kwenye chakula, Ayubu alikuja ofisini kwangu, zikiwa zimebaki saa mbili kikao kianze, kofia mkononi.

"Dada, una hakika ile barua ipo?"

"Ipo. Nimeitunza mwenyewe. Keti."

Nikafungua programu mpya. Kikapu kilikuwa kitupu. Nikafunga, nikafungua tena. Kitupu. Ayubu alinitazama usoni, nami nikashindwa kumtazama.

Fundi aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Ujumbe wangu uko wapi?"

"Nimeuhamisha wote, Mama. Ulikuwa umeuweka wapi?"

"Kwenye kikapu."

Akavua miwani. "Mama, kile ni chombo cha taka. Vitu vya humo ni vya kutupwa. Programu mpya haihamishi taka."

Nilikaa chini bila kutafuta kiti, bahati nzuri kiti kilikuwepo. Miaka miwili ya barua za kampuni, na haki ya Ayubu, baba wa watoto watano, nilikuwa nimezitia jalalani kwa mkono wangu, tena kwa kujivuna. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala hofu.

"Programu ya zamani umeiondoa?" nikauliza.

"Bado. Huwa naiacha wiki nzima. Taka zote inaziweka kwenye faili moja ndani ya diski. Lakini kila unapoifunga inauliza kama imwage. Uliwahi kukubali? Hata juzi?"

"Hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Haikuwa kazi yangu kumwaga."

Alinitazama kama mtu asiyejua acheke au aombe radhi. Akafunga programu zote mbili, akatafuta ndani ya diski, akalipata faili lenyewe, akalinakili kwenye folda ya programu mpya. Alipofungua tena, barua zikajipanga zote, mwanzo hadi mwisho. Ya Ayubu ilikuwepo: "Dereva asivuke. Asubiri mpaka nitakapoagiza." Chini yake, jina la Mkurugenzi.

Niliitoa kwenye printa, nikaipeleka kikaoni. Mkurugenzi aliisoma mara mbili.

"Nani alikwambia utunze vitu hivi?"

"Hakuna aliyenipa kibali cha kuvitupa, Mzee."

Ayubu alirudi kwenye usukani siku iliyofuata. Asubuhi hiyohiyo Mkurugenzi alisimama mezani kwangu. "Kile kikapu kimwagwe kila Ijumaa."

"Sawa, Mzee. Naomba uniandikie, na utie saini."

Akageuka, akatoka. Maandishi hayakuja wiki ile, wala mwaka ule.

Nimestaafu, nimerudi kwenye ukungu wangu. Vijana wananionyesha simu zao zinazofuta kila kitu kwa mguso mmoja, nami bado nashtuka, maana najua Ayubu alibakiza mguso mmoja kama huo apoteze kazi. Siku yangu ya mwisho Makambako nilifunga programu kama kawaida. Mashine ikauliza. Nikabofya hapana, nikachukua mkoba wangu.