Tano za Sista Restuta

Sista Restuta ana miaka ishirini na sita ya uuguzi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja hapa Ifakara, na bado hajajifunza kumnyima mtu alama. Kufoka anajua. Daktari akinawa harakaharaka, sauti ya sista inasikika hadi mtaa wa Mlabani. Lakini mpe kalamu, analainika kama wali uliozidi maji.

Fomu zilikuja tulipoanza kupokea madaktari wanaosomea ubingwa. Zamani mtihani ndio uliokuwa unaamua. Sasa kila kazi ya mikono inapimwa kwa moja hadi tano, na muuguzi aliyekuwepo mezani naye anaulizwa. Moja, anatazama tu. Tatu, anafanya akisimamiwa. Tano, mwache peke yake. Mimi ndiye ninayezikusanya, kwa hiyo najua: sista alimpa kila mtu tano. Nilipomwuliza, alinishangaa.

"Mtoto wa watu katoka kwao mbali, kakaa nasi miezi minne, anaondoka nimwandikie tatu? Si kumtukana huko?"

Nilinung'unika, kisha nikazipeleka hivyo hivyo. Lawama hii ni yangu pia.

Mwezi Mei mmoja wao, Daktari Gosbert, alihamia kituo kimoja upande wa Malinyi, na tano zake. Wiki ya tatu, saa sita mchana, sista alikuwa ofisini kwangu simu yake ilipoita. Alikuwa mkwewe, Wendelin. Yunis, binti wa sista, alikuwa ameshikwa na uchungu huko Malinyi kabla ya siku zake, na ilibidi apasuliwe kwa mara ya tatu.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Yupo Daktari Gosbert, anasema unamfahamu vizuri."

Alimfahamu vizuri mno. Mara tatu alisimama naye kwa mama mwenye makovu ya upasuaji, na mara zote tatu, Gosbert alipofika mahali ambapo kibofu kimeng'ang'ania kovu, mkono wake ulisita na bingwa akamalizia. Sista aliyaona yote hayo kwa macho yake.

"Mpe simu," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gosbert, makovu hujayaweza. Nilikudanganya kwenye fomu, nikawadanganya na walimu wako. Bingwa yuko wapi?"

"Yuko njiani. Atafika baada ya kama saa moja hivi."

"Mapigo ya mtoto?"

"Mazuri."

"Basi msubiri. Nakuomba, huyo ni mwanangu."

Sikuwahi kumwona sista akiogopa kabla ya siku hiyo.

"Mama, hata mimi nilijua. Nilipoiona ile tano niliona aibu kuikataa."

Bingwa alifika, wakafanya pamoja. Kibofu kilikuwa kimenata kweli, damu ikatoka nyingi, Yunis akaongezewa chupa mbili. Yeye na mtoto wake wa kike ni wazima.

Sista alilia, akajifuta kwa kanga, akaniuliza amewaandikia tano madaktari wangapi. Nilifungua daftari. Kumi na tisa. Akauliza wako wapi sasa, nikaanza kumsomea: Namtumbo, Kibondo, Mpwapwa, Ludewa. Alivuta kiti, akataka namba ya kila mmoja.

Wa kwanza hakupokea mwenyewe. Aliyeshika simu yake alisema daktari yuko ndani, anapasua.